Skinner, mzee wa panya na njiwa aliyeelezea gemu kabla ya gemu

Burrhus Frederic Skinner alizaliwa mwaka 1904 Pennsylvania, Marekani. Alitaka kuwa mtunzi wa hadithi, ikashindikana. Akaenda Harvard kusoma saikolojia, akapata udaktari mwaka 1931.

Alitengeneza sanduku lenye kijiti: panya akikibonyeza, kidonge cha chakula kinadondoka. Vidonge alivitengeneza mwenyewe. Jumamosi moja akaona vitaisha Jumatatu asubuhi, akaamua kuvibania. Panya abonyeze mara nyingi, apate mara mojamoja. Ungedhani wangechoka. Waliendelea tu, na hata chakula kilipokatwa kabisa walichelewa kukata tamaa. Baadaye akajaribu njiwa. Zawadi isiyojulikana itatoka lini iliwafanya wadonoe karibu bila kupumzika.

Mzee huyu hakutengeneza gemu hata moja. Alifariki mwaka 1990 kwa saratani ya damu. Lakini msikilizaji, gemu ya simu inayokutaka uue adui walewale mara mia ili upande levo, na silaha nzuri itoke kwa bahati, inakwenda hivyohivyo. Dubwi nalo ni hilohilo.

Huku kwetu Segese tunalifahamu jambo hili. Mchimbaji anatoa viroba kumi vitupu, cha kumi na moja kinaonyesha dhahabu kidogo, kesho alfajiri yuko duarani. Ila mwamba haukupangwa na mtu. Kwenye gemu yupo aliyepanga, na gemu nyingi zinakuuzia njia ya mkato kwa hela halisi.