William Thomson na Waya wa Baharini

Alipokuwa na umri wa miaka 10 tu, labda mdogo kuliko wewe, William Thomson, mzaliwa wa Belfast, aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow.

Mwaka 1854 alikokotoa jambo la ajabu. Ukirefusha mara mbili waya wa shaba uliolazwa chini ya bahari, ishara ya umeme huchelewa mara nne. Sharti waya ujae umeme kwanza, mfano wa bomba refu lijaalo maji. Ukituma ishara upesi mno, huchanganyikana.

Mwaka 1858 waya wa simu ya maandishi ulilazwa kuvuka Bahari ya Atlantiki. Salamu za Malkia wa Uingereza, maneno 98 tu, zilichukua saa 16! Mkuu wa mafundi wa umeme, aliyezipinga hesabu za Thomson, akatia umeme wenye nguvu kupita kiasi. Waya ule, uliokuwa na kasoro tayari, ukafa.

Thomson alitaka umeme hafifu. Alibandika sumaku ndogo nyuma ya kioo chepesi; ishara ilipofika, kioo kiligeuka na doa la mwanga likasogea. Mwaka 1866 waya mpya, wenye shaba nene zaidi, ulifanya kazi vyema. Thomson alifariki mwaka 1907.