Von Neumann na funzo la kujaribu kabla ya kutenda

Wanafunzi wangu wa isimu hushangaa ninapomtaja mwanahisabati darasani. Aghalabu huwa ni John von Neumann, ambaye maisha yake yanamhusu kila mkuu wa shule na kila meneja.

Alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1903. Kufikia 1926 alikuwa na shahada ya udaktari katika hisabati na stashahada ya uhandisi wa kemia. Mwaka 1930 alihamia Princeton, Marekani. Mwaka 1944, yeye na mwanauchumi Oskar Morgenstern walichapisha kitabu kuhusu jinsi mtu anavyoamua ilhali mshindani wake naye anaamua.

Mwaka 1946 rafikiye, Stanislaw Ulam, aliyekuwa akipata nafuu baada ya ugonjwa, alikuwa akicheza karata peke yake. Alitaka kujua uwezekano wa kushinda, lakini hesabu ikamlemea. Akang'amua kwamba ni rahisi zaidi kucheza mara nyingi na kuhesabu ushindi. Von Neumann alitambua kuwa kazi hiyo yafaa tarakilishi. Mwaka 1947 alieleza kwa barua namna ya kuiga safari za nyutroni, na mwaka 1948 hesabu hizo zikafanywa kwa mashine ya ENIAC. Mkewe, Klára, alikuwa miongoni mwa walioiandikia maagizo. Mbinu hiyo ikapewa jina la Monte Carlo, mji wa kamari.

Leo meneja wa bandari anayefikiria kuongeza gati aweza kuiga kuwasili kwa meli mara maelfu kabla ya kumwaga saruji. Hata hivyo, faida hupatikana tu ikiwa swali ni moja na ni wazi, takwimu ni za kweli, na mambo yasiyobadili uamuzi yameachwa nje. Sisi wanaisimu twalijua hilo: sarufi ni kielelezo cha lugha, wala si lugha yenyewe. Sarufi inayojaribu kubeba kila kitu haielezi chochote.

Isitoshe, hesabu haiondoi haja ya busara. Von Neumann mwenyewe, baada ya vita vilivyokwisha 1945, aliunga mkono wazo la kuushambulia Muungano wa Sovieti kabla haujajiimarisha kwa silaha za nyuklia. Ushauri huo haukufuatwa, nasi hatuna budi kushukuru. Alifariki mwaka 1957 kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 53.

Nimewahi kuketi katika kamati ambamo karatasi iliyotoka kwenye tarakilishi ilimaliza mjadala uliohusu karo za wanafunzi. Hakuna aliyeuliza takwimu zilitoka wapi, wala makisio yapi yalitumika. Nami nilinyamaza, ingawa nafundisha watu kuuliza maswali.

Ndiposa nawasihi walimu wenzangu: tuwafunze vijana kutumia mwigo wa tarakilishi, lakini kwanza tuwafunze kuuhoji. Atakayeumia uamuzi ukienda kombo ni mwanafunzi aliyekosa karo, si mashine.