Kinjikitile Ngwale na Siri ya Maji

Mtu akiketi karibu na mpaka hapa Tunduma, huona malori yakivuka siku nzima. Safari anaiona, lakini mzigo ulio chini ya turubai haujui. Maisha ya Kinjikitile Ngwale ni mfano mkubwa wa jambo hilo.

Kinjikitile alikaa Ngarambe, kusini mwa mto Rufiji. Wakati ule Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba, na uchungu ulikuwa mwingi. Mwaka 1904 ilienea habari kwamba amepandwa na pepo aitwaye Hongo, naye akaanza kugawa dawa ya maji. Watu wa makabila mbalimbali wakamiminika kwake.

Habari zake zilikwenda kwa kunong'onezana, mtu mmoja kwa mwingine. Wamatumbi waliita njia hiyo njwiywila. Maakida waliona makundi njiani, lakini dawa ile ilisemwa pia kuwa ya mazao na afya. Basi, aliyefuata mavuno na aliyefuata vita walipita njia moja, wala mtazamaji hakuweza kuwatenga. Tena Kinjikitile aliwaagiza watu warudi makwao, wafanye kazi za Wajerumani kama kawaida mpaka atakapotoa amri.

Siku hizi wataalamu wa hisabati huchunguza jambo hili hili katika mitambo. Kanuni yao ni kwamba siri hukaa salama maadamu kila tendo linaloonekana nje laweza kuwa na maana nyingine isiyo ya siri.

Walakini Wamatumbi walichoka kungoja. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, waking'oa pamba. Tendo hilo halikuwa na maana mbili. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro, lakini vita ya Maji Maji ilienea kusini yote mpaka mwaka 1907. Wajerumani wenyewe walikisia waliokufa kwa vita na njaa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekisia zaidi ya 250,000.

Tumkumbuke kwa kuwaunganisha watu ambao zamani hawakuwa na umoja. Tukumbuke pia kwamba siri iliwaficha machoni pa adui kwa muda wa mwaka mzima. Haikuweza kuwakinga na risasi.