Muuza Mboga Aliyejenga Hospitali

Tan Tock Seng alikuwa Mchina. Alizaliwa Malacca mwaka 1798. Mwaka 1819 Waingereza walianzisha bandari katika kisiwa cha Singapore. Tan alihamia huko akiwa kijana, hana mali. Alinunua mboga, matunda na kuku shamba, akaenda kuviuza mjini. Aliweka akiba. Baadaye alifungua duka, akatajirika.

Wachina wengi walikuja Singapore kutafuta kazi. Mtu akiugua, hakuwa na ndugu wa kumwuguza. Wengine walifia barabarani. Tan alilipia mazishi ya maskini wengi. Lakini wagonjwa waliokuwa hai je? Hao walihitaji kitanda, chakula na dawa. Mwaka 1844 Tan alitoa dola 5,000 ili hospitali ya maskini ijengwe. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka huo huo, katika kilima cha Pearl's Hill. Kazi ilikwenda polepole. Wagonjwa waliingia mwaka 1849.

Tan alifariki mwaka 1850. Mkewe, Lee Seo Neo, alitoa fedha za wodi ya wanawake. Mwanawe, Tan Kim Ching, naye aliichangia hospitali. Baadaye hospitali ilihamishwa kutoka kilimani. Hadi leo inatibu watu, na inaitwa kwa jina la muuza mboga yule.