Bentley, mkulima aliyeipiga picha theluji

Wengi wetu tumeiona theluji kwa mbali tu, ikifunika vilele vya Kilimanjaro au Ruwenzori. Leo tunapenda kuwasimulia maisha ya mtu aliyeitazama kwa karibu mno, naye ni Wilson Bentley, mkulima wa Marekani.

Bentley alizaliwa tarehe 9 Februari, 1865, huko Jericho, katika jimbo la Vermont, ambako majira ya baridi huwa makali. Mama yake, aliyepata kuwa mwalimu, alimfundisha nyumbani hadi alipofikia umri wa miaka 14, na ndiye aliyempa hadubini kuukuu. Kijana akaanza kuzichora chembe za theluji, lakini kila mara chembe iliyeyuka kabla mchoro haujakamilika.

Ndipo alipotamani kamera. Baba yake aliliona jambo hilo kuwa upuuzi, ila mwishowe alikubali kutoa fedha zilizokaribia dola 100, nazo zilikuwa nyingi kwa mkulima wa siku zile. Baada ya majaribio mengi, tarehe 15 Januari, 1885, Bentley alifaulu kuipiga picha chembe moja iliyokuzwa kwa hadubini.

Kazi hiyo ilitaka subira. Aliifanya katika banda lisilo na moto. Alizikinga chembe kwa ubao mweusi, akazihamisha kwa kijiti chembamba na kuzilaza kwa unyoya, huku akizuia pumzi asije akaziyeyusha. Katika maisha yake alipata picha zaidi ya 5,000, wala hakuona chembe mbili zilizolingana sawasawa.

Mvua nayo hakuiacha. Aliyaacha matone yaangukie katika unga laini. Kila tone likafanya kidonge, naye akavipima vidonge hivyo. Mwaka 1904 alitangaza matokeo yake, akieleza kwamba matone mengine huanza kama theluji mawinguni, kisha huyeyuka njiani. Wataalamu hawakumjali sana. Hata hivyo, katika miaka ya 1940, wachunguzi wa mmomonyoko wa udongo nchini Marekani waliitumia njia hiyo ya unga kupima matone.

Bentley hakuoa, wala hakutajirika. Nakala za picha zake aliziuza kwa senti 5 tu, na ng'ombe wake aliendelea kuwakamua. Mwezi Novemba, 1931, kitabu chake chenye picha zaidi ya 2,400 kilitolewa. Majuma machache baadaye alitembea kwa miguu kurudi nyumbani katika dhoruba ya theluji, akashikwa na kichomi, na tarehe 23 Desemba akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 66.

Theluji aliyoipenda ndiyo iliyomwondoa. Lakini sisi tunaona kuwa ametuachia funzo kubwa: elimu haikai chuoni peke yake, mwenye macho na subira aweza kuipata hata kando ya zizi lake.