Kaggia: Aliyeacha cheo ili awatetee wasio na ardhi

MSAFIRI aliyetoka Nairobi kuelekea Murang'a mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipita Ruiru na Thika katikati ya mashamba makubwa ya kahawa na mkonge yaliyomilikiwa na walowezi. Ng'ambo ya mashamba hayo, huko Kandara, waliishi watu wengi waliokosa hata kipande cha kulima. Mtetezi wao alikuwa Bildad Kaggia.

Kaggia, aliyezaliwa mwaka wa 1921, alihudumu katika jeshi la Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kisha akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi jijini Nairobi. Alikamatwa Oktoba 20, 1952, na mwaka uliofuata akahukumiwa Kapenguria kifungo cha miaka saba pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao wanne.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, Kaggia alikuwa mbunge wa Kandara na msaidizi wa waziri wa Elimu. Angalinyamaza, angalipanda ngazi. Lakini serikali iliamua kwamba mashamba ya walowezi yanunuliwe, nao Wakenya watakaopewa wayalipie kwa mikopo. Kaggia alishikilia kuwa si haki kumtoza maskini bei ya ardhi aliyoipigania. Alitaka wasio nacho wapewe bila malipo.

Mei 1964, Kenyatta alimwandikia akimtaka aitii sera ya serikali au ang'atuke. Mwezi uliofuata Kaggia aliondoka serikalini.

Mwaka wa 1965, katika mkutano wa hadhara Kandara, Rais alimlinganisha na wafungwa wenzao wa Kapenguria waliokuwa wamejipatia mali, akamuuliza yeye alikuwa amejifanyia nini. Swali hilo lilikusudiwa kumwaibisha. Wafuasi wake waliliona kuwa ushahidi wa uadilifu wake.

Kaggia alijiunga na chama cha KPU cha Oginga Odinga mwaka wa 1966, akapoteza kiti chake katika uchaguzi mdogo, na mwaka wa 1968 akafungwa jela kwa kuhutubia mkutano usio na kibali. Alirejea Kanu mwaka wa 1969, ila hakurudi Bungeni.

Katika miaka ya 1970, mashamba kadhaa ya Ruiru na Thika yalinunuliwa na kampuni za wanahisa. Aliyekuwa na pesa za hisa alipata ploti. Asiyekuwa nazo alibaki nje, jinsi Kaggia alivyohofia.

Aliaga dunia Machi 7, 2005.