Osa Johnson: Mwanamke wa Bunduki na Kamera

Kila yafanyikapo maonyesho makubwa ya filamu barani Afrika, kama yale ya Ouagadougou yaliyoanzishwa mwaka 1969 au yale ya Zanzibar yaliyoanza mwaka 1998, wanawake watengenezaji wa filamu hutajwa kwa heshima. Heshima hiyo haikupatikana kwa siku moja. Zamani mwanamke wa sinema alitazamiwa akae mbele ya kamera, apambwe na atazamwe; kukaa nyuma ya kamera, kuongoza safari na kuchagua la kuonyeshwa kulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Miongoni mwa waliolivunja boma hilo mapema alikuwa Osa Johnson, Mmarekani aliyesafiri miaka mingi katika Kenya, Uganda na Kongo. Maisha yake yanamhusu askari kwa namna ya pekee, kwani mwanamke huyu alijua zamu, alijua silaha na alijua kustahimili. Pia yamo ndani yake mambo ya kulaumiwa, nayo yapaswa kuelezwa pamoja na sifa zake.

Osa Leighty alizaliwa tarehe 14 Machi 1894 katika mji mdogo wa Chanute, jimbo la Kansas. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 16, aliolewa na Martin Johnson, kijana ambaye hapo awali alikuwa baharia katika jahazi la mwandishi Jack London kwenye bahari ya Pasifiki. Wawili hao hawakuwa na mali. Kwa miaka kadhaa walizunguka miji ya Marekani wakionyesha picha za visiwa vya mbali, Osa akiimba jukwaani ili watu wapate kuingia.

Mwaka 1917 walikwenda katika visiwa ambavyo sasa huitwa Vanuatu. Kisiwani Malekula walikutana na watu wa kabila la Big Nambas na chifu wao Nagapate, wakajiona wamo katika hatari kubwa, wakaondoka kwa haraka. Filamu waliyoileta kutoka huko iliwapatia jina. Mwaka 1919 walirudi kisiwani wakiwa na mashine ya sinema, wakatandika kitambaa cheupe usiku, nao watu wa Nagapate wakajitazama wenyewe wakitembea katika mwanga. Wachache sana katika wapiga picha wa siku zile walikumbuka kuwarudishia watu sura zao namna hiyo.

Safari yao ya kwanza ya Afrika ya Mashariki ilianza mwaka 1921. Tangu mwaka 1924 hadi 1927 waliishi juu ya mlima Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kando ya ziwa walilolipa jina la Ziwa Paradiso. George Eastman, mwenye kiwanda cha Kodak, alikuwa mmoja wa waliowasaidia kwa fedha, na mwaka 1926 alifika mwenyewe Afrika kuwatembelea. Osa ndiye aliyekuwa msimamizi wa kambi: alilima bustani ya mboga, aliwinda nyama ya chakula, alivua samaki na kuangalia posho ya watu. Kila askari aliyewahi kukaa katika kituo cha mbali anajua kwamba kikosi huvunjika kwa njaa na uchafu kabla ya kuvunjwa na adui. Kazi ile ya Osa haikuonekana sana katika picha, lakini bila hiyo picha zisingalipatikana.

Kazi yake ya pili ilikuwa ya hatari zaidi. Kamera za siku zile zilikuwa nzito, zimesimama juu ya miguu mitatu, na mpiga picha alipaswa kuzungusha mpini kwa mkono bila kusita. Mtu wa namna hiyo hawezi kujihami. Basi Martin alipokuwa akiwapiga picha simba, tembo na faru, Osa alisimama ubavuni pake na bunduki tayari. Alipaswa kungoja. Angalipiga risasi mapema, picha ingaliharibika na mnyama angalikufa bure. Angalichelewa, mume wake angaliuawa. Walinzi wa lindo wanaelewa kwamba ugumu wa bunduki haumo katika kufyatua, bali katika kujizuia mpaka ifike dakika ya haja. Matunda ya miaka ile yalionekana katika filamu ya Simba ya mwaka 1928.

Hata hivyo, mbele ya jozi hiyo walikuwapo wengine. Katika vitabu vyao wanamtaja kiongozi wa njia waliyemwita Boculy, fundi mkubwa wa kusoma nyayo za tembo, na nyuma yake wapagazi, wapishi na madereva wengi. Katika kumbi za New York majina yaliyong'aa yalikuwa ya Bwana na Bibi Martin Johnson. Osa mwenyewe alifunikwa na jina la mumewe. Wale Waafrika walifunikwa zaidi, wengi wao bila kutajwa kabisa.

Kati ya mwaka 1929 na 1931 walikuja na vyombo vya kunasa sauti. Walipiga picha za mamba na viboko penye maporomoko ya Murchison, kwenye mto uleule ambao ukitoka Ziwa Albert huteremka kupita Pakwach na Rhino Camp, mashariki ya Arua. Kisha waliingia Kongo, katika msitu wa Ituri, ambao wasafiri wa West Nile waliozoea njia ya Bunia wanaujua kwa sifa. Huko waliishi na Wambuti. Filamu ya Congorilla ya mwaka 1932 ilitangazwa kuwa ya kwanza yenye sauti kupigwa yote katika Afrika.

Hapa ndipo penye lawama. Katika filamu hiyo Wambuti, watu wenye elimu ya msitu isiyopatikana katika chuo chochote, wanapewa sigara kubwa na vibofu vya kupuliza ili watazamaji wa mbali wacheke. Osa anacheza nao muziki wa jazi uliotoka katika santuri. Yaliyofichwa ni maarifa yao ya kuwinda kwa nyavu, dawa zao na nyimbo zao. Tena katika safari hiyohiyo walikamatwa sokwe wakubwa, na wawili wao wakaishia katika bustani ya wanyama ya San Diego. Kamera haina risasi, lakini mwenye kuielekeza vibaya aweza kumjeruhi mtu katika heshima yake, na jeraha hilo likadumu kuliko maisha ya aliyelitia.

Mwaka 1932 Osa na Martin walijifunza urubani. Mwaka uliofuata walileta Afrika ndege mbili za Sikorsky zenye uwezo wa kutua majini, moja imepakwa milia ya punda milia, nyingine madoa ya twiga. Kutoka Cape Town waliruka hadi Nairobi, wakapiga picha za milima ya Kenya na Kilimanjaro kutoka angani. Filamu ya Baboona ilitoka mwaka 1935.

Januari 1937 ndege ya abiria waliyopanda ilianguka huko California. Martin alifariki, na Osa akaumia vibaya. Wengi walidhani kwamba hadithi imekwisha, kwa kuwa walimwona kama mke wa mpiga picha tu. Yeye aliendelea kuhutubia watu akiwa amekaa katika kiti cha magurudumu, na mwaka huohuo akarudi Afrika ya Mashariki kuongoza upigaji wa picha kwa ajili ya filamu ya Stanley na Livingstone. Mwaka 1940 alitoa kitabu cha maisha yake kilichosomwa na watu wengi sana. Alifariki mjini New York tarehe 7 Januari 1953, akiwa na umri wa miaka 58. Mwaka 1961 jumba la makumbusho la Osa na mumewe lilifunguliwa Chanute.

Mwaka ule alioolewa Osa, yaani 1910, Theodore Roosevelt alipiga kambi ukingoni mwa Nile, huko Rhino Camp, akawaua faru weupe ambao siku hizo walikuwa wengi katika West Nile. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 faru walikuwa wamekwisha katika Uganda nzima, wameuawa kwa bunduki za majangili na za watu waliopewa silaha ili walinde. Mwaka 2018 dume la mwisho la aina ile ya kaskazini lilikufa nchini Kenya. Wajukuu wa Arua na Koboko watamjua mnyama wa babu zao kwa picha tu. Kwa hiyo kazi ya watu kama Osa, pamoja na dosari zake, imebaki kuwa ushahidi.

Lakini ushahidi ni bora utolewe na mwenye nyumba. Mwaka 1969, katika maonyesho ya kwanza ya Ouagadougou, ilionyeshwa filamu ya Thérèse Sita-Bella wa Kamerun. Mwaka 2010 filamu ya Imani ya Caroline Kamya wa Uganda ilionyeshwa Berlin, na ndani yake yumo kijana wa Gulu aliyekuwa askari mtoto na sasa anatafuta njia ya kurudi nyumbani. Huyo hakuwekwa hapo achekwe. Amepewa jina, amepewa jamaa, na amepewa nafasi ya kuonekana kuwa mtu.